Trela Lako Halikuharibika

Kaka Zefania,

Najua barua huanza kwa kuuliza hali, lakini nikikuuliza wewe hali nitakuwa nakukejeli. Niseme tu. Nimekusingizia, kaka. Nimelisingizia trela lako, na nani asiyejua kwamba kulisema trela lile ni kukusema wewe?

Ulikuwa umeichoka misiba ya huku Marekani. Watu wanaleta masufuria ya pilau, wanaimba, wanasali, kisha kila mtu anatafuta funguo za gari lake na mfiwa anabaki na kuta. Kwetu jirani akifiwa, mwanamume halali kwake. Ukasema, "Baridi ya Buffalo isituvunjie heshima," ukanunua lile trela refu lenye vitanda, ambalo shingo yake hukaa mgongoni mwa pikapu. Tangu hapo akifa mtu wetu hapa, au Columbus, au hata kule Louisville, tulilivuta mpaka kwa wafiwa, na wanaume wakalala humo hadi siku ya kuzika. Mwanzoni walikucheka, wakaliita gesti. Baadaye wakawa wanapiga simu kuuliza limefika wapi.

Mimi nilikuwa dereva mwenzako, na nilikuwa mdomo. Tukifika, naingia ndani kutoa pole, napewa chai, naanza kupanga kamati. Wewe unabaki nje na mbao zako. Msiba ule wa Gahanna, kule Columbus, nilikuchungulia dirishani ukikanyaga nyasi kwa kisigino, hapa, tena pale, nikajisemea, huyu naye anajitesa bure, si kuna kitufe? Nilichokijua ni kitufe tu. Unabonyeza, miguu ya haidroli inashuka na kutafuta usawa yenyewe. Halafu wewe ukaingia ukalala chali sakafuni, macho umefumba, kupima kama limekaa sawa. "Mgongo haudanganyiki," ulisema. Nilikucheka mbele za watu.

Kisha ukafa wewe. Ukafa theluji ikiyeyuka, ardhi ya Tonawanda, mtaani kwako, imekuwa uji. Kwenye kikao walipouliza nani ataleta trela, nilijibu swali halijaisha. Nikalirudisha nyuma vizuri kwenye nyasi kando ya nyumba yako, wazee wamesimama wananitazama, wengine wametoka Louisville kwa ajili yako. Nikaweka vizuizi vya magurudumu, nikaondoa pikapu, nikabonyeza kitufe kama mtu anayeita lifti.

Miguu ikashuka. Ule wa nyuma kulia ukaendelea kushuka. Haukuwa unanyanyua kitu, ulikuwa unazama. Chini yake hapakuwa na ubao, maana mbao zilikuwa kwenye sanduku la pembeni na sikuwa hata nimelifungua. Ukafika mwisho wa urefu wake, taa nyekundu ikawaka, mashine ikaanza kulia. Nikabonyeza tena. Na tena. Mchungaji wa Kikongo, yule rafiki yako, akasema polepole, "Bon, hii nyumba inainama. Donc, tulale wapi?" Binti yako Neema akaniuliza kwa Kiingereza kama ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ilikuwa ni kusema sijui, basi. Badala yake nikatoa sauti ya fundi: "Mashine imekufa. Inaonekana ilikuwa mbovu siku nyingi." Asiyekuwepo na lake halipo. Wazee wakaenda hotelini. Wewe uliyelaza watu kwenye misiba ya miji mitatu, msibani kwako hakulala mtu.

Trela likabaki pale limeinama, linaonekana kutoka dirisha la jikoni. Majuzi shemeji, mkeo, akanipigia. Amepata mtu wa kulikata vyuma, "maana ulisema limekufa, shem," na akaniomba mimi nilivute hadi huko. Nikaitikia. Mke wangu akaniuliza mbona sili, nikamwambia tumbo.

Jumamosi nikaenda, na sikufichi, nilikuwa na ujanja. Nilipanga nilifiche mahali, kisha nirudi nalo nikisema nimelitengeneza. Yaani uongo uleule niuvalishe suti. Lakini nilipofungua lile sanduku nikaona mbao zako, kingo umezipiga msasa zisichome mikono, nikashindwa kuzigusa. Nikaenda nikagonga mlango. Nikamwambia shemeji halikuharibika, mimi ndiye sikujua, na nilikuwa na aibu ya kusema sijui mbele ya wazee.

Alivaa kandambili akaja kusimama kwenye nyasi. Nikarudisha miguu juu, nikafukia shimo, nikakanyaga kwa kisigino kila mahali mguu utakapotua, nikapanga mbao, nikabonyeza. Likanguruma, likajitikisa kidogo, likatulia sawasawa. Sikujua niweke wapi uso wangu. Heri lingegoma.

Shemeji akasema, "Kumbe mume wangu alikosa watu kwa sababu ya aibu yako." Hakupandisha sauti, kaka. Angepandisha ningepata pa kujitetea. Akaingia ndani, akarudi na blanketi, akanipa. "Lala," akasema.

Nikalala. Peke yangu, kwenye vitanda vya watu wengi. Usiku nikamsikia. Analia, kile kilio cha kwetu, cha kukuita kwa jina, ambacho siku za msiba hakukitoa. Wote tulimsifu kwamba ana moyo mgumu. Kumbe hapakuwa na mtu wa kumsikia. Nilitaka kutoka nikambembeleze, nikajizuia. Nilikaa tu kitandani nikawasha taa, ili akitazama nje ajue kuna mtu.

Asubuhi alisema yule wa vyuma asije. Kama amenisamehe sijui, sijamuuliza.

Lala salama, kaka. Tukiitwa tena, Columbus au popote, chai ataingia kunywa mwingine. Mimi nitakuwa nje na mbao, na wakiniuliza nisichokijua nitasema sijui.

Mdogo wako,
Amosi