Brashi Yako na Ndevu za Baba

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu,

Wiki ya saba leo tangu tukuzike. Wifi alikuja. Kamkuta Baba yenu na ndevu zilizotimka, chembe za mkate zimenasa ndani. Akanivuta jikoni. Kwamba hanilaumu, msiba ni mzito, lakini mzee amekuwa kichaka. Jumapili atarudi na begi la kutilia nguo za mzee. Akimkuta hivi, anaondoka naye kwake.

Ndevu si kitu cha kuficha. Mikono ya Baba inatetemeka, hawezi kushika wembe, na tangu uondoke hataki mtu mwingine amguse uso. Miaka kumi na tisa ulikuwa ukimnyoa wewe, mlango umefungwa kwa kuwa hapendi kutazamwa. Mimi nilisikia maji tu.

Akiondoka nitapika chakula cha mtu mmoja. Sijui hata kipimo chake.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoa brashi yako kikombeni. Mpini una kibonde pale kidole gumba chako kilipokaa. Nikaweka changu. Hakijai.

Nikaitumbukiza kwenye maji yanayotokota, nilidhani moto ndio unaoamsha povu. Nywele zikaanza kutoka! Kumi na moja. Na povu lenyewe lilikuwa kama la kufulia, jepesi, linatiririka shingoni.

Baba akageuza uso. "Mimi ukuta, unanipaka chokaa?" Akajifuta kwa mkono wa shati.

Nililia bafuni, bomba likiwa wazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa rafiki yako, kinyozi wa kona. Kaishika brashi kama kifaranga. "Shemeji! Hii umeipika?" Wateja wakacheka. Nami nikacheka — mara ya kwanza tangu siku ile.

Akanieleza kwamba moto unalegeza gundi iliyoshika nywele shinani. Maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Loweka kidogo, kung'uta, zungusha juu ya sabuni bila kukandamiza, "husugui sufuria." Povu likiwa na macho makubwa ya hewa, bado; endelea. Likikauka, ongeza tone la maji. Tone, shemeji, si kijiko! Ukimaliza, suuza mpaka sabuni iishe, kung'uta tena, itundike kichwa chini, maji yasishukie kwenye gundi yakaiozesha.

Itundike! Kumbe ule msumari wenye kitanzi cha waya, juu ya beseni...

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiikuta inaning'inia, naitoa, naisimamisha kikombeni. Nilijiona nimepanga. Nawe ukija unaitundika tena. Bila neno. Mara ngapi? Mume wangu, mara ngapi?

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu kwenye mkono wangu. Mara tano, ovyo. Ya sita — sijui niandikeje. Macho ya povu yakafumba moja moja. Likawa zito, likang'aa, likasimama lenyewe, na ncha yake ikapinda kidogo. Sabuni niliyochota haikuzidi punje ya harage! Nimekaa nalitazama hadi chai ikapoa.

Jambo kama hili lilikuwa likitokea chumba cha pili, mimi napiga pasi.

Brashi haijatoa hata unywele mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Baba hataki. "Kesho." Basi.

Jumapili, 9 Machi

Wifi kafika mapema. Na begi.

Mimi ndiyo kwanza nazungusha brashi. Baba alikuwa amekaa, ameelekea ukutani. Akasikia ile sauti ya brashi bakulini — akainua kidevu. Mwenyewe!

Nikapaka shavu la kulia. Kichwa kikageuka kunipa la kushoto. Nilipokaribia mdomo, akaufinya kabla sijamwomba. Uso unajua njia. Mimi nilikuwa naufuata tu.

Wifi akaanza kwamba, Baba, mimi nimekuja...

Baba akamkatiza: "Funga mlango, povu linakauka."

Akafunga, akabaki ndani.

Wembe ulipita bila tone la damu. Nikamfuta, nikashusha pumzi, nikaanza kukusanya vitu. Baba hakushusha kidevu.

"Na la pili?"

La pili gani, Baba?

Kwamba ukimaliza kunyoa ulikuwa unampaka tena. Bila wembe. Nikamuuliza ni la nini. Akanishangaa kwa swali langu. "La raha, mwanangu. Povu la kwanza la ndevu, la pili langu."

Mimi sikujua. Wifi hakujua. Tukatazamana.

Nikatengeneza jingine. Nikampaka polepole, paji hadi koo. Baba akafumba macho. Wifi akakaa juu ya begi lake, akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza naye kujaribu. Nikampa brashi. Nikamwambia asikandamize.

Nimewaachia chumba. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Ndani nasikia maji tu. Wifi hajasema anamchukua, hajasema anamwacha. Begi halijafunguliwa.

Mambo mengine uliyotenda humu ndani, mume wangu, bado siyajui. Huko uliko, nikumbuke.