Bastola Niliyoichagua Mimi

Dallas, Jumapili

Dada yangu mpendwa Salome,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, mguu umepungua uvimbe, na shemeji ameacha kubishana na daktari kuhusu chumvi. Sisi tunapumua. Zaidi ya hapo sitaki kukudanganya.

Anayekukabidhi barua hii ni Aloisi, mdogo wake Komba. Anasafiri na jeneza la kaka yake, na nimemwomba akupe mkononi hapo uwanja wa ndege wa Dar nilipokuomba ufike, kabla hawajaanza safari ya Songea. Komba unamjua. Ni yule Mngoni, mtani wetu sisi Wanyamwezi, dereva wa malori huko Houston, aliyekupigia simu Krismasi akakuambia wewe na ukoo wetu wote ni mateka wa babu yake, ukamtukana mpaka kadi ikaisha. Ndiye huyo. Amekufa, na aliyemuua ni mume wangu. Nilijaribu kukwambia kwa simu nikashindwa, kila mara naishia kukuuliza bei ya mchele. Soma mpaka mwisho, tafadhali, maana nina ombi, na ombi hilo ndilo litakaloamua kama watu wa Songea watatuhesabu sisi watani au wauaji.

Mume wangu Maganga alikuwa bado akiuza kwenye lile duka la kituo cha mafuta kule Mesquite. Mchana kweupe waliingia vijana wawili. Mmoja akamlaza chini, akampiga kitako cha bastola mdomoni, meno ya mbele yakaenda. Mwingine akamkanyaga kiganja mpaka mfupa ukalia. Mama wa Kimeksiko aliyekuwa akipika vyakula vya dukani alipiga kelele, wakamfyatulia tumboni. Maganga alilala naye sakafuni, uso kwa uso, mpaka mama yule akaacha kupepesa macho. Mume wangu aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, alikuwa mtu mwingine. Mlango ukigongwa anaruka. Usiku analala kwenye kochi ameuelekea mlango. Dada, unavyomjua alivyo mchekeshaji, yule mtu alikaa wiki nzima hajatoa hata tabasamu, na meno hayakuwa sababu.

Akasema anataka bastola. Nilimpinga. Nikamwambia sisi hatukuzaliwa na vyuma hivyo, kwetu mwenye bunduki ni askari au jambazi. Akanitazama tu. Nikachoka kutazamwa, nikamwambia haya, twende.

Duka la silaha hapa ni kama duka la viatu kwetu. Zimepangwa kwenye kabati la kioo na watu wanajaribu zinavyowakaa. Muuzaji, mzee wa Kizungu mwenye tumbo na adabu nyingi, alimwangalia Maganga ule mkono akasema kwamba kwa mtu anayenunua ya kwanza, bora achukue ile ya duara linalozunguka. Haina mambo mengi, na kifyatulio chake ni kizito, kidole hakiwezi kukosea. Maganga akakataa. Akasema hiyo ni ya wachunga ng'ombe wa kwenye sinema, waliomvamia walikuwa na zile za kisasa, na yeye anataka ya kisasa. Akaonyeshwa moja nyeusi, kubwa kama pasi ya mkaa. Aliishika kwa mkono wa kushoto, ikainama. Halafu zile za kisasa, Dada, lazima ile sehemu ya juu uivute nyuma kwa nguvu ndipo risasi iingie mahali pake. Mwenye mkono mmoja ataivuta na nini? Akaibana kwenye mapaja, akaibana kwapani, mpaka mzee wa watu akamwomba aiweke chini.

Mimi moyo uliniuma kumwona anaaibika mbele ya wateja. Nikasema, "Hebu leta mimi nijaribu." Nikazivuta moja baada ya nyingine. Nyingine zilinishinda, nyingine zilinibana nyama ya kiganja. Ilikuwapo moja ndogo, ya milimita tisa, ambayo niliivuta kirahisi tu, na kifyatulio chake kilikuwa laini. Muuzaji akatuambia hii haina kitufe cha usalama cha nje, ikishajazwa imejazwa, kwa hiyo tusiiweke na risasi ndani. Nikaitikia kama ninavyomwitikia padri. Nikamwambia Maganga, "Chukua hii." Ndivyo ilivyochaguliwa. Mimi ndiye niliyeichagua, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa mikono yangu.

Sasa sikiliza tulivyokuwa tukiishi nayo. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini kwa wale wazee ninaowatunza, Maganga alinifuata jikoni na ile bastola. "Nivutie, mama." Peke yake hakuweza, na bastola isiyovutwa kwake ilikuwa nyundo tu. Nami naivuta, risasi inaingia, nambusu, naondoka. Jioni nikirudi ndipo ananiruhusu niitoe ile risasi; kabla ya hapo hataki. Wake wengine wanawafungia waume zao vifungo vya shati. Mimi nilikuwa namjazia mume wangu bastola.

Watu walikuja kutupa pole, wengi, na wote walipiga simu kwanza, maana huku tumeshazoea utaratibu huo. Komba peke yake hakupiga. Lini mtani aliomba ruhusa? Jumamosi ile nilikuwa napanda ngazi na kapu la nguo kutoka kufua. Mlango niliuacha umerudishiwa tu. Nikamkuta Komba kwenye ngazi, ametoka Houston asubuhi, amejifunga kanga ya mkewe usoni kama jambazi, mwamvuli ameushika kama bunduki. Mkewe Theresia alikuwa bado chini anatoa masufuria garini. Komba akaniwekea kidole mdomoni. "Shh, mateka. Leo nata-surprise huyo Mnyamwezi wako. Lazima acheke."

Nilicheka, Dada. Kapu mkononi, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilikuwa na hamu ya kicheko ndani ya ile nyumba kama mtu mwenye kiu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeivuta bastola kwa mikono yangu, na halikunijia kabisa kichwani. Nikampisha atangulie.

Akausukuma mlango kwa teke. "Mikono juu, Mnyamwezi! Wangoni tumerudi kumalizia vita!"

Zikalia mbili. Ya kwanza ilipasua luninga. Ya pili ilimwingia chini ya koo. Nilipofika alikuwa amekaa sakafuni kama mtu aliyechoka, kanga inageuka rangi kifuani. Nilimlaza, nikamkandamiza kwa mikono yote, kisha kwa goti, kisha kwa nguo safi za kwenye kapu. Damu ilipita katikati ya vidole. Ilikuwa ya moto, Dada. Maganga alisimama amenielekezea mimi ile bastola, macho yako wazi na hanioni. Nikapiga kelele, "Ni Komba! Baba, ni Komba wetu!" Akaiachia ikaanguka. Komba akanivuta sikio karibu. Akasema, "Huyu Mnyamwezi... amejifunza lini kulenga?" Akataka kucheka, ikatoka damu badala ya kicheko. Theresia aliingia na sufuria la makande amelikumbatia. Hakulidondosha. Alilikalisha kwanza mezani, taratibu, ndipo akaanza kupiga yowe.

Polisi walimfunga Maganga pingu, moja mkono mzima na nyingine kwenye mkanda wa suruali kwa ajili ya plasta. Baadaye walimwachia. Wakili anasema raia wa kawaida watateuliwa wakae waamue kama kuna kesi au hakuna. Maganga hajauliza. Hali, haongei, nikimwita anageuka upande usio wangu.

Siku ya kumuaga Komba huko Houston nilisema tusiende. Nilijua watatutupa nje, na ningewaelewa. Lakini mzee anayeongoza Watanzania wa pale alipiga simu, sauti kavu, akasema, "Marehemu hana mtani mwingine hapa. Mleteni." Tukaenda. Walitupisha katikati kama watu wenye ugonjwa. Aloisi alikunja ngumi nikamwona. Ibada ikaisha, mzee akauliza kama kawaida yetu, "Mtani yuko wapi? Aje amtanie ndugu yake, tusafirishe." Maganga akasogea mpaka kwenye jeneza. Akafungua mdomo ule usio na meno. Hakikutoka kitu. Mtu nyuma akasema kwa nguvu, "Muuaji!" na wengine wakaguna. Nikamshika koti nimwondoe.

Theresia akasimama. Tangu siku ile hakuwa amesema neno nasi. Akasema, "Mwache. Sema, Mnyamwezi. Usipomtania leo, basi ulimuua."

Maganga akaweka plasta yake juu ya ule ubao. "Komba," akasema, "wewe Mngoni gani? Babu zako walikuja na mikuki, wewe unakuja vitani na mwamvuli?" Kisha Theresia akacheka, kicheko kibaya chenye kilio ndani, na wanawake wakampokea, na Aloisi akaukunjua mkono wake akaufunika uso.

Ombi langu ndilo hili. Songea yuko mama yake Komba. Ameambiwa mwanawe kapigwa risasi na rafiki, hakuambiwa zaidi, na kaka zake Komba wanasema damu ni damu. Panda gari na Aloisi. Uende kama mtani, siyo kama mwombaji msamaha, maana ukiingia unalia watajua tumekuja na hatia tupu. Jifunge kanga kiunoni, mtukane marehemu kwa uvivu wake, wazuie wachimba kaburi, lala shimoni kama ikibidi. Wanaweza kukupiga. Nakuomba nikijua hilo, na mguu wako huo. Wakikufukuza, kaa nje ya uzio na uendelee kutukana kwa sauti mpaka mama mwenyewe ajibu. Akikujibu tusi kwa tusi, tumepona.

Nisalimie shemeji, watoto wote, shangazi yetu wa Tabora aliyetulea, na jirani yako mshona nguo. Mama usimwambie bado.

Nimeiweka ndani ya bahasha picha ya Komba akiwa amemshika Maganga sikio kama mbuzi wa mnada. Mpe mama yake hiyo mkononi kabla hujafungua mdomo.

Mdogo wako anayekutegemea,
Regina