Karatasi ya Akumu Niliyoipa Thelathini

Mpendwa Mshauri Dorotea, shikamoo. Naomba msaada wako kwa unyenyekevu, kwani mimi ni mhitimu wa shahada ya ualimu ninayejitolea kufundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano hapa Misungwi, huku nikitamani, sitaficha, kurudi chuoni siku moja nikiwa mhadhiri, na tamaa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Niliwapa wanafunzi shairi la kale la Waingereza, la askari mzee anayerudi katika ukumbi wa bwana wake na kuukuta mtupu, nikawataka walichambue, na ili waone uchambuzi ulivyo nikawasomea insha yangu ya chuoni iliyopata alama ya juu kabisa, nao wakaikariri na kuiandika yote kama majibu yao, hata sentensi isemayo "nikiwa maktabani Dar es Salaam", na nilipomuuliza mmoja wao, Chenge, "Maktaba hiyo uliingia lini?" akanijibu, "Si tuliingia wote, Mwalimu?" darasa likaangua kicheko.

Mmoja tu hakukariri. Akumu, binti wa wavuvi wa Shirati, aliandika kwamba mshairi anataja benchi, kikombe na mlango lakini hataji popote jina la marehemu, na kwamba ukimya huo ndio msiba wenyewe, kwani mama yake naye hutaja nyavu, kasia na koti, ila tangu ziwa limchukue baba, jina lake halijamtoka mdomoni. Nami, kwa kuwa hayo hayakuwamo katika insha yangu, nikampa thelathini kati ya mia na kuandika kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada."

Juzi alikuja ofisini. "Mwalimu, naomba unisainie nihame tahasusi. Fasihi hii si ya watu kama sisi." Fomu zinarudishwa Ijumaa. Karatasi yake ninatembea nayo mfukoni, ninaisoma nikitamani ningeiandika mimi, maana insha yangu ile, Mshauri, niliijenga kwa maneno ya mhadhiri wangu. Je, nimsainie?

Shigela, Misungwi

Marahaba, Shigela. Usisaini bado.

Nakuhurumia, lakini nitakuambia ukweli. Unakitamani chuo, na chuo kimekuja kukaa kwenye dawati lako, ukakipa thelathini! Hao wengine usiwalaumu: uliwaonesha jibu, hukuwaonesha namna ya kutazama.

Kesho asubuhi mwite Akumu umwombe radhi. Ndiyo, mwalimu huomba radhi, na paa la shule halianguki. Futa alama ile, andika inayostahili. Usiisome karatasi yake darasani bila ridhaa yake. Msiba wa mama yake si mfano wa ubaoni.

Insha yako ifungie sandukuni. Wape mistari sita tu ya shairi, uwaulize: mshairi ametaja nini, ameacha nini, na ni mstari upi unaokuonesha hivyo? Asiyeweza kuuonesha mstari aanze upya. Chenge usimwogope, aliyekusoma wewe kwa sentensi moja, shairi halitamshinda.

Nawe keti nao uandike, bila daftari la chuo. Itakuuma, kwa sababu hujawahi. Ukimaliza, mkabidhi Akumu karatasi yako, kalamu nyekundu na ile fomu yake. Akiitaka sahihi yako hata hivyo, msainie kwa heshima. Lakini mwache kwanza amalize kusahihisha.