A Yako, B ya Mama

Baba,

Amani ikushukie hapo makaburini Masaka tulipokulaza. Ni mimi, Hadija wako. Nimeolewa Ijumaa iliyopita, na aliyeniozesha ni Idi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza.

Wali wangu wa ndoa alikuwa mdogo wangu, Baba. Alikaa mbele ya shehe na kanzu aliyoishona mwenyewe kwa cherehani yako, akamshika mkono mume wangu, akasema, "Nimekuozesha dada yangu, Hadija binti Selemani." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Niliyetetemeka ni mimi, kule ndani na wanawake, maana wiki tatu kabla yake kuna mtu alikuwa amesema Idi hawezi kuniozesha.

Unamjua ni nani. Dada yako.

Unaikumbuka siku Idi alipotoka kuchangia damu, akaja dukani Gisimenti na kadi yake, wewe ukaibandika ukutani juu ya cherehani kana kwamba ni shahada? Kadi iliandikwa O. Shangazi Zaina akaisoma, akakumbuka kwamba wewe ni A na Mama ni B, akatoa hukumu yake: "Mutoto anafuata baba. Ukoo iko ya baba, na damu iko ya baba. Huyu alifuata nani?" Mimi niliye AB alinihurumia nusu, eti angalau nina kipande chako. Wewe hukuinua hata macho. Ulisema, "Zaina, nguo niliyoikata mwenyewe siulizi ni ya nani," ukaendelea kukanyaga cherehani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alisikia yote, na sijamwona tena akimkaribisha Shangazi kwa moyo mmoja.

Maneno yale ndiyo yaliyonipeleka kusomea kazi ya maabara. Sikukuambia. Ulidhani nayapenda tu yale makoti meupe, ukanishonea mawili, moja la kuvaa na moja la akiba.

Ulipoondoka, maneno yakaota miguu. Tulikuwa tunapanga nikahi, Shangazi akaja, akakaa, akasema mbele ya Mama kwamba wali sharti awe damu ya Selemani, na Idi watu wanamtilia shaka, afadhali aitwe mtoto wa baba mdogo. Idi akainuka akatoka. Mtu mzima anayeliendesha duka lako, anayetulisha sote, akaenda kujifungia bafuni ili tusimwone analia. Tulimsikia. Mama alikuwa akikunja mtandio, anaukunjua, anaukunja tena. Na mimi, Baba, upole wako sikuurithi. Nilimwambia Shangazi hajui anachokisema. Akacheka, akasema, "Nipime na mimi basi, uone damu ya kwetu."

Alikuwa na hakika atatoka A kama wewe. Si mlizaliwa baba mmoja, mama mmoja?

Kesho yake akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaja hospitalini kwetu, amevaa kitenge cha sikukuu. Nikamchoma kidole, nikaweka matone mawili kwenye kigae cheupe, hili nikalitia dawa ya kupimia A, lile ya kupimia B. Damu ya A ikikutana na dawa yake hugandana, ikawa vichembe vichembe kama maziwa yaliyokatika. Yake haikugandana popote. Nikarudia, kwa heshima yako. Ikawa vile vile.

"Shangazi," nikamwambia, "wewe ni O. Kama Idi."

Alikiinamia kile kigae. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake, "Sasa mimi ni wa nani?"

Ee Baba. Miaka yote ile nilikuwa nimelitunza jibu la kumchoma nalo. Wallahi lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini ile sauti ilinivunja nguvu, nikavuta kiti nikamweleza kwa lugha ya duka lako, kwa kuwa na yeye kakulia kwenye vitambaa. Nikamwambia kila mtu ana herufi mbili za damu, moja kapewa na baba, nyingine kapewa na mama. A na B ni vitambaa vya nje. Zikikutana, hakuna inayoifunika nyingine, zote mbili huonekana, na ndiyo maana mimi ni AB, nimevaa cha kwako na cha Mama mchana kweupe. O ni bitana, kile kitambaa cha ndani. Ikiwa chini ya A huioni, koti unaliita A, lakini bitana imo. Wewe ulikuwa nayo ndani, Mama naye alikuwa nayo. Mimi mkanipa vitambaa vya nje, Idi kila mmoja wenu akampa bitana yake. Babu na Bibi nao walikupa wewe A, Shangazi wakampa bitana zao. Idi hakukosa cha baba. Alipewa kile ambacho hukuwahi kukivaa nje.

Shangazi akanyanyuka. "Nipeleke kwa mama yako," akasema.

Alikaa mkekani, yeye asiyekubali kukaa mkekani, akasema, "Fatuma, mimi na mtoto wako tuko damu moja. Nimekudhulumu. Unisamehe." Mama alimwacha akae na maneno yake mpaka yakapoa. Halafu akamwambia chai iko jikoni, akajimiminie. Siku ya nikahi Shangazi alimtangazia O yake kila mtu, hata mpishi wa pilau.

Najivuna, Baba, na wala sioni haya. Najivunia Idi. Najivunia Mama, aliyeibeba tuhuma ile bila kumtukana mtu. Nikikukumbuka wewe ndipo najivuna kuliko yote, kwa sababu hukuwa na kigae wala dawa, na ulijua.

Jambo moja tu limebaki. Mume wangu ni O. Nimempima mwenyewe, usinicheke. Mimi sina bitana ya kumpa mtoto, nina A yako na B ya Mama basi. Atakayezaliwa nitampa mojawapo, na O ya baba yake itakaa chini yake isionekane. Kwa hiyo atatoka na herufi yako au ya Mama, hakuna ya tatu. Nakuahidi nitampenda vyovyote atakavyokuja, na nakuahidi hakuna atakayesimama nyumbani kwangu kuuliza amefuata nani.

Pumzika, baba yangu, Mola aliangaze kaburi lako. Mama ameshaanza kuomba B. Mimi naomba A.

Hadija binti Selemani