Chanjo Iliyosubiri Kikohozi Changu

Mdogo wangu,

Paa limeacha kuvuja, na mimi bado nashona suruali za watu huku yangu haina kifungo.

Mjukuu wetu mchanga ni mzima, ila nesi amekataa kumchoma chanjo ya kifua kikuu. Aliuliza, "Nyumbani nani anakohoa?"

Wifi yako akanisonta. "Huyu babu, usiku kucha kama pikipiki mbovu!"

Nimepimwa, ninao ugonjwa huo. Na wiki nzima nilikuwa nimempakata. Mtoto atameza dawa za kinga kwanza, chanjo baadaye.

Nimehamia chumba cha cherehani, nameza vidonge. Asubuhi wifi yako humwinua mtoto nje ya dirisha, nami napunga mkono. Wanasema amechukua pua yangu. Naomba iwe hiyo tu.

Wasalimu shemeji na watoto.

Kaka yako,
Pikipiki Mbovu