Barabara Iliyomhamisha Mama

Mdogo wangu Paskali,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu Pasaka. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Anapokea msaidizi wako, ananiita mheshimiwa dada, ananiambia diwani yuko kikaoni. Basi nakuandikia hadharani, usome pamoja na wapiga kura wako.

Unalikumbuka greda? Kila masika yakiisha lilipita mbele ya kwetu hapa Mutuka kukwangua barabara ya mkoa, nawe ulilikimbiza kwa nyuma mpaka unarudi mwekundu kuanzia kope hadi kucha. Mama alikudaka mlangoni na beseni la maji. "Paskali, leo tena umekula barabara?" Ulicheka huku sabuni inakuingia machoni, ukamwambia ukiwa mkubwa utamwekea lami mpaka jikoni. Mama alikuamini. Mimi pia nilikuamini, ndiyo maana ulipogombea nilizunguka kata nzima kukuombea kura, hata kwa watu wasioupenda ukoo wetu.

Mama hakuiona lami. Tulimzika mbele ya nyumba, karibu na maua yake, na Baba akaacha nafasi yake pembeni. Jioni alitoa kiti chake akaketi pale. Kuna siku nilimsikia anamsimulia mama bei ya mbaazi.

Kisha ukaja na watu wa vipimo. Wakachomeka bikoni za mpaka nyuma ya kaburi, mama akawa ndani ya barabara. Majirani wenye makaburi upande ule waligoma kabisa. Ukamwambia Baba, nami nasikia: "Baba, nikianza na mama yangu, nani atabaki kugoma?" Unajua wazee wetu wanavyoogopa kugusa kaburi lililokwisha kufukiwa. Baba hakula siku nzima. Jua linazama ndipo akasema, "Haya. Kama ni kwa ajili ya watu wote."

Nyuma ya nyumba ni korongo, kwa hiyo tulimpeleka mama kwenye kiwanja chako Singe. Katekista alisali, wewe ukashika jembe mwenyewe. Ulilia, nikakufuta kamasi kama zamani, na moyoni nikasema huyu sasa ni mwanaume. Majirani walipoona hivyo, nao wakahamisha wa kwao.

Bikoni bado zipo, Paskali. Mbuzi wanajikunia.

Majuzi Baba alikuwa anasikiliza redio, mara nikasikia sauti yako. Ulisema vipaumbele vimebadilika. Fedha zinakwenda kwenye daraja lililosombwa na mafuriko upande wa pili wa mkoa, na kwenye taa na lami za katikati ya mji. Barabara ya Mutuka itaangaliwa fedha zikipatikana. Baba akapunguza sauti ya redio, akaniuliza, "Hiyo Mutuka anayoisema ni hii yetu?"

Nilimwambia sijui. Ningemwambiaje?

Mimi sigombani na daraja. Watu wa kule nao wana wagonjwa na watoto wa shule. Ungekuja ukakaa hapa uani ukamweleza Baba, angekuelewa. Huyu ni mtu aliyekubali kumfukua mkewe kwa sababu mwanawe amemwomba. Hata hizo taa zenu ningezimeza. Kinachonichoma ni kwamba ulijua. Kikao chenu kilikaa kabla ya Pasaka. Ukaja, ukala pilau yangu, ukasifia nyama, ukaondoka hujasema neno. Ukatuacha tusikie redioni kama watu baki. Umetusaliti, na sina neno jingine la kuliweka hapo. Mama Eliya, aliyemhamisha Eliya wake kwa kutuiga sisi, tukikutana bombani anainamia ndoo yake. Ni afadhali angenitukana.

Na kuna hili ambalo msaidizi wako hajakufikishia: miguu ya Baba imevimba. Hawezi tena kutembea mpaka Singe, na masika haya hakuna bodaboda iliyokubali kumpeleka kwenye tope lile. Zamani alitoka tu mlangoni akawa na mkewe. Barabara iliyomwondoa mama ndiyo hiyo hiyo inayomzuia Baba kumfuata. Anaketi palepale pa siku zote, anaangalia majani yaliyoota juu ya udongo mtupu.

Jumapili tuliporudi kutoka kanisani nilimkuta amesogeza kiti, yuko katikati kabisa ya pale alipolala mama. Akasema, "Nikifa, msihangaike na Singe. Nizikeni hapa."

"Baba, hapa ni eneo la barabara."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Barabara ikija, Paskali atanihamisha. Kazi hiyo anaijua."

Sijui kama alikuwa anakutania au anakulaumu. Nimelia jikoni, yeye hajui.

Njoo. Gari uliache lami inapoishia, uje kwa miguu, ufike umekula barabara kama zamani. Beseni la mama ninalo. Maji ya kukuogesha nitachota, lakini Baba utamwambia mwenyewe.

Nina hasira nawe, na bado ni
Dada yako