Kinyama cha Skola

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Asubuhi joto 38 na nusu. Jioni sijapima bado. Usiku alilowesha khanga mbili kwa jasho. Kliniki waliniambia andika kila siku, mama, usitegemee kichwa. Naandika. Na mengine yanaingia humuhumu, daftari ni langu.

Nimepalilia mpunga mpaka saa tano, kiuno kikakataa. Skola amebaki nyumbani na bibi yake. Binti wa miaka kumi na saba, mikono kama ya mtoto wa darasa la tatu.

Kesho Ifakara. Wanamkata uvimbe wa shingoni. Makohozi walishapima, hawakuona kitu. Daktari anasema mpaka wachukue kinyama, kisomwe, ndipo ijulikane ni kifua kikuu cha tezi au ni saratani. Alisema hivyohivyo mbele ya mtoto.

Baba yake alikuwa na uvimbe hapohapo. Kushoto, chini ya sikio. Tulimzika nao. Hakuna aliyetuambia jina la ugonjwa.

Naogopa.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Wamekata. Ganzi tu, hakulazwa. Nilikuwa nje ya mlango nashika ukuta.

Nesi wa upasuaji, mdada mwenye mimba kubwa, alinitokea na kopo jeupe la mfuniko. Ndani kinyama, ukubwa wa yai la kanga, kimelala kwenye dawa inayofanana na maji. Alifungua kidogo nione. Harufu ikanipiga machoni, nikafuta machozi kwa khanga. Mtaalamu wao wa kusoma yuko safarini, kwa hiyo kiende hospitali kubwa Dar. Mdogo wangu Deo anasafiri Jumatatu. Nitampa stendi.

Nesi alisema maneno mengi. Usifungue, usimwage, kisikae juani, karatasi isilowe. Niliitikia yote. Macho yangu yalikuwa kwa Skola, bandeji ilikuwa inaanza kuwa nyekundu.

Nimerudi nacho kijijini Mofu, nimekipakata mapajani. Deo alisema nikiache kwake hapo Ifakara. Sikutaka. Kile ni mwanangu.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Jana sikuandika yote.

Tulifika saa kumi jioni, nikaweka kopo juu ya kabati. Nyumba nzima ikanuka. Bibi, mama mkwe wangu, akatoka nje na kigoda chake. "Adelina, umetuletea nini? Hata kuku wamehama." Skola akacheka, akashika shingo. Baadaye Bibi akaacha utani. Akasema nyama ya mtu haiwekwi kwenye chombo kama achari. Kitovu cha mtoto huyu tulikizika, na hii nayo ilitakiwa udongo. Nikamwambia wakishaisoma. Akanyamaza. Kunyamaza kwake nakujua.

Skola akapitiwa na usingizi. Jua bado lilikuwepo. Nikafungua kopo. Nilitaka kuona tu.

Hospitali kilikuwa chekundu. Sasa pembeni kimekuwa cha kijivu, kimekaza kama kimechemshwa. Macho yananichoma, koo linachoma. Nikasema, kama mimi harufu tu inanifanya hivi, hiki kilichozama humo je? Dawa inamuunguza mwanangu. Dar watasoma nini, majivu?

Nikamwaga. Nyuma ya choo. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikatia chumvi. Maji ya chumvi ndiyo niliyofundishwa na manesi wenyewe. Mshono wa uzazi, maji ya chumvi. Jembe likikukata, maji ya chumvi. Jino likishang'olewa, maji ya chumvi. Nikakiosha kwenye kiganja, taratibu, kama nilivyokuwa nikimwogesha Skola akiwa mchanga. Kilikuwa na uvuguvugu. Au ni mkono wangu. Nikakirudisha na maji yake mapya, nikafunga kwa nguvu.

Nimelala vizuri. Niandike ukweli, nimelala vizuri kuliko mwezi mzima.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Kanisani. Ile harufu ipo mikononi. Nimenawa kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya kipande. Wakati wa kupeana amani nilimpa jirani ncha za vidole.

Maji ya kopo yamekuwa ya rangi ya waridi. Joto 38 na nne.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Stendi ya Ifakara, saa kumi na mbili asubuhi. Deo alilipokea kopo akalinusa.

"Dada, una hakika humu si perege? Nimeambiwa haya makopo yananuka dawa mpaka abiria wanagombana. Hili linanuka soko la samaki."

Nikamwambia funga mdomo, lishike wima.

Basi likaondoka. Hapo ndipo hofu ikaniingia. Kopo lilipokuwa kwangu sikuogopa.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Deo amefikisha. Kanipigia. Mtu wa dirishani alifungua, akarudisha kichwa nyuma, akauliza hiki kimewekwa kwenye nini. Deo akajibu, kama walivyokiweka hospitali. Wakapokea. Majibu wiki mbili.

Kama walivyokiweka hospitali. Maneno hayo nimepika nayo, nimefua nayo.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Harufu ipo kwenye wali. Ipo kwenye mto wa kulalia. Namuuliza Skola, hanusi kitu. Bibi hanusi kitu.

Leo saa sita mchana shamba la jirani nikaona mwanamume ameinama anapalilia, mkono mmoja kaushika upande wa kushoto wa shingo. Alivyokuwa akifanya marehemu, miezi ile ya mwisho. Nikaita, Baba Skola! Akageuka. Kibarua wa Kisukuma, kijana, anajikuna mbu. "Shikamoo, mama." Nikakaa chini kwenye tope.

Pale nyuma ya choo nilipomwaga, majani yamekufa. Duara kabisa. Nazunguka upande wa pili nikienda.

Jumamosi, tarehe 21 Machi

Joto 39. Kidonda kimefunga vizuri, nyuzi zimetolewa. Lakini chini yake imeota tezi nyingine. Nimeigusa akiwa amelala. Inateleza chini ya kidole kama kokwa ya zambarau.

Sina kingine cha kuandika.

Jumatano, tarehe 25 Machi

Tuliitwa. Daktari alikuwa na karatasi mkononi.

Kinyama hakisomeki. Katikati kimeoza, pembeni tu ndiko dawa ilikoshika. Wameandika kilifika bila fomalini. Ndiyo kwanza nikajua jina la ile dawa.

Akamwita nesi, yule mwenye mimba. Mbele yetu.

"Ulijaza kopo?"

"Nilijaza, daktari."

"Una hakika?"

"Mpaka juu. Nakumbuka, mama huyu alitokwa na machozi nilipomfungulia."

Akanitazama nimsaidie. Nilikuwa nimeinamia viatu vyangu. Daktari akamwambia aandike barua ya maelezo. Nesi akatoka, anatembea kwa kujipinda, ameshika kiuno.

Skola atakatwa tena Ijumaa, ile tezi mpya. Aliuliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo nimeumwa wiki tatu bure?"

Sikusema. Kwenye gari sikusema. Nimefika nyumbani nimepepeta mchele ambao ulishapepetwa.

Alhamisi, tarehe 26 Machi

Nimemwambia Bibi. Ilibidi nimwambie mtu, ningepasuka.

Akasema, "Nilikuona."

Nikamuuliza uliniona, mama, ukanyamaza?

"Nilikuona unaosha. Nikadhani ndivyo walivyokuagiza. Nikaona vizuri, mtu anaoshwa." Akaendelea kusuka ukili wake. "Sasa yule mtoto wa watu na tumbo lake, ndiye atakula barua yako?"

Nimeshindwa kula. Daktari wa kesho atakata kwa sababu yangu. Kisu cha pili ni changu. Mtoto hajui.

Ijumaa, tarehe 27 Machi

Nilifika kabla ya wote. Nikamwacha Skola kwenye benchi na Deo, nikaingia peke yangu. Daktari alikuwepo, nesi alikuwepo. Sikukaa.

Nilisema, nesi alijaza. Ni mimi nilimwaga. Nikasema yote, chumvi, kuosha, nyuma ya choo. Sauti haikuwa yangu.

Daktari aliweka kalamu chini. Akauliza kwa nini. Nikamwambia niliona inamuunguza. Akafumba macho, akayafumbua. Akamwambia nesi ile barua basi. Akaniambia, "Umetusaidia kusema, mama. Tulikuwa tunataka kumwaga dawa yote ya stoo tukidhani imeharibika."

Nesi hakunisemesha. Alitoka. Nikajua nimechukiwa, na ni haki yake. Kumbe alikwenda kuchukua kopo jipya na chupa ya fomalini. Akanikalisha.

"Mama, wewe si mtu wa Mofu? Samaki ukimtoa mtoni asubuhi ukamtia kwenye beseni la maji, jioni yukoje?"

"Ameharibika tumbo."

"Na ukitia chumvi kijiko kimoja?"

"Ataharibika vilevile."

"Haya. Kidonda kipo kwa mtu aliye hai, damu inakilisha, ndiyo maana maji ya chumvi yanakisafisha tu kikapona. Kinyama kikishatoka hakina wa kukilisha. Saa ileile kinaanza kuoza. Hii dawa haikiunguzi. Inakisimamisha. Kinabaki vilevile kilivyokuwa shingoni, ili anayesoma akikute."

Inakisimamisha. Miaka yote nakausha kambale kwa moshi, nimeshindwa kufikiri hilo. Aibu imenipanda mpaka masikioni. Nikamwambia nesi, mwanangu, nisamehe. Akasema, "Nilipiga picha yako kichwani nikakutukana siku mbili, tumeshamalizana." Akacheka kidogo, akashika tumbo, mtoto alikuwa anampiga.

Wamekata. Safari hii nesi aliniacha nitazame. Kinyama kidogo, dawa nyingi, mara kumi yake. Akafunga, akazungusha plasta kwenye mfuniko, akaandika jina la Skola na saa. Akauliza nani atapeleka. Nilisema mimi. Nilitazamia akatae. Akanikabidhi.

Skola nilimwambia benchini, ganzi bado haijaisha. Alinitazama muda mrefu.

"Uliniosha?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa maji ya moto?"

Nikasema yalishapoa.

Akaniegemea begani. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Jumatatu, tarehe 30 Machi

Nimefika Dar jana, kwa binti wa shangazi. Kopo lilikaa kwenye kona ya chumba usiku kucha, sikuligusa. Kwenye basi abiria wa nyuma yangu alilalamika, nani kabeba dawa ya kuhifadhi maiti humu. Nikafungua dirisha nikanyamaza. Moyoni nilikuwa nasema, nuka. Nuka hivyohivyo mpaka tufike.

Leo asubuhi dirishani. Mtu yuleyule aliyempokea Deo nadhani, mzee wa miwani. Akafungua, akatazama, akatikisa kichwa kukubali, akaandika kwenye kitabu kikubwa. Muda wote nilikuwa nimeshika ukingo wa dirisha. Akaniambia mama unaweza kuachia sasa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Magari, watu, joto. Sikujua niende wapi. Nilikaa hapo kama saa nzima kwa sababu kinyama kilikuwa ndani ya jengo lile na mimi ni mama yake.

Jumapili, tarehe 5 Aprili

Pasaka. Joto 38 na tatu. Skola hakuweza kwenda kanisani. Bibi amemwimbia mlangoni.

Namuota Baba Skola. Amenigeuzia upande wa shingo, ule wa kushoto, kana kwamba anataka nimsomee.

Jumatano, tarehe 15 Aprili

Majibu yalitoka jana. Kifua kikuu cha tezi. Si saratani. Daktari alirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilimwona midomo tu inacheza. Ina dawa. Vidonge kila siku, miezi sita, wanatoa bure.

Bibi alipiga kigelegele kimoja. Cha pili kikakatikia njiani. Akakaa chini, akalitaja jina la mwanawe, baba yake Skola. Nilikaa pembeni yake. Wote tulikuwa tunafikiri jambo hilohilo na hakuna aliyelisema. Yeye hakukatwa. Hakuna kinyama chake popote, cha mtu kukisoma. Huenda ilikuwa hii hii. Huenda haikuwa. Halitajulikana.

Lakini wiki zile tatu za Skola nazijua. Zimo humu, joto lake lote limeandikwa, kwa mkono wangu. Hizo sina wa kumsingizia.

Leo alfajiri amemeza vidonge vya kwanza kabla ya kula. Nilimkalia mbele mpaka akameza cha mwisho, akafungua mdomo kunionyesha kwa kejeli. Nimepika. Nimefagia uwanja. Mvua imenyesha kidogo, ikaacha.

Kwenye saa nne nikasikia ananiita nyuma ya nyumba. "Mama, njoo. Mama, njoo uone!" Nilikimbia na mwiko mkononi. Kumbe ni mkojo. Umekuwa rangi ya chungwa, kama nesi alivyosema utakuwa dawa ikianza kufanya kazi. Kinachotoka mwilini mwake kina rangi ya dawa.

Tulisimama hapo, mimi na yeye, tukiutazama mpaka mchanga ukaunywa wote.